Phoenix ya zamani, kiti cha mtoto na kapu la sokoni: tathmini kwa mzazi wa Tanga

Tanga ni mji wa baiskeli kwa sababu zinazoonekana kwa macho: ardhi ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani imenyooka kama imepigwa kamba, Barabara ya 1, ya 2, ya 3 na kuendelea. Baiskeli iliyoenea humo kwa miaka mingi ni Phoenix nyeusi ya inchi 28 kutoka Shanghai, yenye breki za fito, keria pana ya chuma na stendi ya miguu miwili. Hiyo ndiyo inayopimwa hapa, tena ile iliyokwisha kula chumvi, inayonunuliwa mkononi au kurithiwa kwa mjomba. Kazi inayopimiwa ni moja tu: mzazi peke yake, mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, na mizunguko ya asubuhi. Mgandini sokoni, mashine ya kusaga, duka la dawa, kliniki, na kurudi nyumbani jua halijakaza.

Kwa mzigo, Phoenix haina wa kuigusa. Kwa mtoto, kama ilivyotoka kwa muuzaji, haifai. Si mbovu, ila aliyeiunda aliwaza gunia, na gunia halina miguu ya kuning'inia wala vidole vya kuchokonoa. Inafaa baada ya kushughulikiwa mambo matatu: miguu ya mtoto isifike kwenye spoku, breki zishike, na kotapini, vile vijipini vinavyoshika mikono ya pedali, zikae. Mengine yote ni starehe.

Baiskeli yenyewe

Ikiwa tupu inakaribia kilo 20. Uzito huo unasumbua unapoipandisha kibarazani, lakini barabarani unasaidia, maana mtoto akijipinda kumtazama kuku, baiskeli nyepesi huyumba nzima, na hii hutikisika kidogo tu. Uma wake wa mbele umelala nyuma kuliko wa baiskeli za kisasa, hivyo usukani ni mzito kugeuka na hurudi wenyewe katikati. Kwenye mchanga na mashimo hilo ni jema. Kwenye kukwepa bajaji iliyosimama ghafla si jema, kwa hiyo nafasi kati yako na aliye mbele iwe kubwa kuliko ulivyozoea ukiwa peke yako.

Matairi ni 28 x 1½, na kila duka la vipuri linayo. Angalia maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa, kwani "inchi 28" ziko za aina zaidi ya moja: yako inataka ile iliyoandikwa pia 635. Iliyoandikwa 622 ni ndogo, haitapanda kwenye ringi hata fundi atumie spana tatu. Gurudumu la nyuma lina spoku 40, la mbele 32, na tofauti hiyo inakuonyesha mzigo ulikusudiwa kukaa wapi. Mzito nyuma, mwepesi mbele.

Gia ni moja. Hesabu meno. Iliyo na 48 mbele na 20 nyuma husogea kama mita 5.3 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Iliyo na 18 nyuma husogea karibu mita 6. Ukiwa peke yako barabara ya lami, 18 ni tamu. Ukiwa na mtoto na kilo 10 za unga huku Ngamiani ikikusimamisha kila njia panda, 18 inakula magoti, na kuondoka kwa shida ndiko kunakoyumbisha. Badilisha friwili iwe ya meno 20 au 22. Mnyororo ukiwa mfupi, ongeza pingili, usilazimishe gurudumu lije mbele mpaka tairi iguse madigadi. Mnyororo uliokaa vizuri hucheza juu na chini kama sentimita 1 hadi 2 katikati. Uliokaza kama waya hula gololi, na uliolegea huruka kwenye meno wakati ule ule umesimama juu ya pedali.

Breki, hapa ndipo ilipolala shida

Breki za fito hazibani ringi kwa pembeni. Ukivuta mkono, fito huinua kipande cha chuma chenye raba mbili, nazo hugusa ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu, yaani kitovu cha gurudumu. Faida yake ni kwamba ringi ikipinda kidogo kulia au kushoto, breki haijali. Hasara ni mbili. Ringi iliyopigwa na shimo ikawa na kibonyo, breki hushika kwa mshtuko kila ikifika hapo. Na ringi ni ya chuma kilichopakwa kromu: ikilowa, raba huteleza juu yake kama kiatu kwenye sakafu ya sabuni. Wakati wa masika, mita ulizozoea kusimamia ringi ikiwa kavu hazitoshi kabisa.

Kurekebisha ni kazi ya saa moja. Simamisha baiskeli kwenye stendi, zungusha gurudumu, utazame nafasi kati ya raba na ringi. Iwe kama milimita 3 pande zote mbili. Kama upande mmoja umegusa na mwingine uko mbali, legeza nati za mwongozo ulioshikilia uma, sogeza, kaza. Kisha fuata fito kutoka mkononi hadi chini, kiungo kwa kiungo: kila penye nati pana mchezo wake, na michezo mitano midogo ikijumlishwa hufanya mkono wa breki ufike kwenye usukani kabla raba haijagusa. Raba ngumu zinazong'aa, zipitishe kwenye msasa mpaka weusi wake uwe mkavu tena. Zilizoliwa mpaka chuma kinachungulia, tupa, ni kitu cha bei ndogo. Ringi ifute kwa kitambaa kikavu. Fundi akimwaga oili kwenye mnyororo huku gurudumu likizunguka, matone hurukia ringi, na hapo umelipia oili ukapoteza breki.

Usimjaribie mtoto. Weka mfuko wa mchanga wa kilo 15 kwenye kiti chake, ufunge kama utakavyomfunga, uendeshe kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, ubane breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likiburuta chini bila mfuko kucheza, umepita. Ukilazimika kushusha mguu, rudi kwenye nati.

Mvua ikinyesha na uko njiani, bana breki kidogo kidogo hatua nyingi kabla ya njia panda ili raba zifute maji, kisha ubane kwa nguvu. Mvua ikiwa ya kweli, shuka ukokote.

Viti vitatu

Cha kwanza ni mto juu ya keria, mtoto ameshika kiuno cha mzazi, pengine amezungushiwa kanga. Ndicho kinachoonekana zaidi mtaani na ndicho kibaya kuliko vyote. Mtoto wa miaka miwili akisinzia mikono huachia, na akiwa kwenye baiskeli husinzia haraka kuliko kitandani. Kanga iliyofungwa kiunoni humzuia asianguke nyuma, lakini haimzuii kuteleza pembeni, na mguu wake hauna pa kukanyagia ila kwenye spoku. Ncha ya kanga yenyewe ikishuka ikaingia gurudumuni, humvuta pamoja nayo. Hiki hakipati hata nusu alama.

Cha pili ni kikiti cha mbele kinachokaa juu ya bomba la juu, kati ya mikono ya mzazi. Mafundi wa kuchomelea hukitengeneza kwa chuma bapa na ubao, na vile vya mtumba vya plastiki navyo hupatikana. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili na nusu hiki ni kizuri: unamwona, unamsikia, uzito wake uko karibu na katikati ya baiskeli. Kiwango cha Ulaya cha viti hivi, EN 14344, huvipa vya mbele mtoto wa kilo 9 hadi 15. Tatizo la Phoenix ni kwamba bomba la juu ni refu lakini usukani uko karibu, kwa hiyo mtoto akirefuka kidogo magoti yako yanamgonga na kichwa chake kinagusa kidevu chako. Jua na upepo vyote humpiga yeye kwanza, na asubuhi ukielekea mashariki macho yake hayafunguki. Hakikisha kikiti kina pa kuwekea miguu pande zote mbili, na kwamba mguu hauwezi kupita ukafika kati ya uma na gurudumu la mbele. Mguu ukiingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma, baiskeli husimama. Ukiingia kwenye za mbele, baiskeli hupinduka juu yenu.

Cha tatu ni kiti kamili cha nyuma chenye mgongo mrefu, kuta za pembeni, mikanda ya mabegani na vikanyagio vyenye kamba. Kwa kiwango hicho hicho cha EN 14344, cha nyuma cha daraja kubwa hubeba kilo 9 hadi 22. Hiki ndicho tunachokipendekeza, na keria ya Phoenix hukibeba bila kulalamika, mradi kifungwe inavyostahili.

Vya plastiki vya mtumba vina kasoro moja: jua. Bonyeza plastiki kwa kidole gumba karibu na matundu ya skrubu. Ikitoa mistari myeupe au mlio wa kukatika, acha, hata kama rangi inavutia. Kagua pia vifungo vya mikanda, kwani mtoto wa miaka mitatu hujifunza kufungua klipu nyepesi ndani ya wiki moja. Vya fundi wa chuma ni imara, lakini mwelekeze. Mgongo uwe sentimita 40 au zaidi kutoka kwenye kikalio, na uegemee nyuma kidogo, maana ulionyooka kama ukuta humwangusha kichwa mbele anaposinzia. Kikalio kiwe na mteremko mdogo kuelekea nyuma. Ncha zote za nondo zipigwe msasa au zivalishwe kipande cha tyubu. Rangi nyeusi ikatae, kwa sababu kiti cha chuma cheusi kikikaa juani nje ya duka kwa dakika kumi huunguza mapaja. Mweupe au kijani hafifu, na kitenge kilichokunjwa mara nne juu yake.

Fundi atataka kuchomelea kiti moja kwa moja kwenye fremu. Mkatalie. Moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba jembamba pembeni mwa kiungo, na ufa huanzia hapo miezi baadaye, chini ya rangi, usipouona. Kifungwe kwenye keria kwa yubolti (bolti zenye umbo la U) nne za milimita 8, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja na washa pana na nati yenye nailoni ndani ambayo mtikisiko haiilegezi. Usikubali waya wa kufungia nondo. Baada ya siku ya kwanza kaza tena zote, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa hubonyea, na nati iliyokuwa imekaza inabaki na mchezo. Kagua pia miguu ya keria inapofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Kwa Phoenix kuukuu sikio la keria hupasuka hapo kabla ya mahali pengine popote.

Miguu na spoku

Jeraha la mguu ulioingia spokuni linajulikana kwa kila muuguzi wa mji wenye baiskeli. Kisigino au kifundo hunaswa kati ya spoku na bomba la nyuma, gurudumu linaendelea kuzunguka, na ngozi ya kisigino huchunika; wakati mwingine na mfupa huvunjika. Hutokea kwa mwendo mdogo kabisa, na mara nyingi mtoto amevaa kandambili au yuko pekupeku. Vikanyagio peke yake havitoshi, maana mtoto huvitoa miguu anapochoka. Panatakiwa ukuta.

Ukuta wa bei nafuu kuliko wote umo ndani ya dumu la mafuta la lita 20 lililokwisha kazi. Kata mbavu zake mbili kubwa upate vipande viwili vya takriban sentimita 30 kwa 40. Laini kingo kwa msasa. Juu, kipande kishikwe na bomba la pembeni la keria. Nyuma, na nguzo ya madigadi. Mbele, na bomba la fremu linaloshuka kwenye ekseli. Toboa matundu kwa msumari uliochomwa moto, yasiwe karibu na ukingo kwa chini ya sentimita 2, la sivyo yatachanika. Funga kwa vibano vya plastiki sita kila upande. Waya laini unafaa pia, ila ncha zake zikunjiwe upande wa ndani, bila kufika kwenye spoku, zisije zikamchana mtoto.

Kosa linalorudiwa hapa ni kuacha nafasi ndogo. Plastiki ya dumu hulegea jua linapopanda, hubonyea ndani ikaanza kusugua spoku, na mwenye baiskeli akichoshwa na kelele huivua. Acha sentimita 2 kati yake na spoku, na upitishe kipande cha chuma bapa chembamba katikati kama mkanda ili isibonyee. Ukuta huo huo utaokoa dera, baibui na ncha ya mtandio.

Na vidole. Kiti cha Phoenix, kile cha mpanda baiskeli, kina springi mbili kubwa nyuma, ziko mbele kabisa ya uso wa mtoto, na zinafunguka na kufunga kila ukipita kwenye tuta. Mtoto ataingiza kidole, usijiulize kama. Zizungushie tyubu kuukuu iliyokatwa kwa urefu, mizunguko mitatu, ifungwe juu na chini. Kazi ya dakika tano, na haifanywi na muuzaji yeyote.

Kotapini, spoku, gololi

Mikono ya pedali ya Phoenix hushikwa na kotapini, kijipini chenye upande mmoja bapa. Ikilegea unasikia "tik" kila mzunguko na mguu unahisi pengo dogo mahali pale pale. Watu huishi na mlio huo mwaka mzima. Ukiwa na mtoto usiishi nao: siku ya kuondoka njia panda, uzito wako wote juu ya pedali moja, mkono ukiruka utaangukia upande huo, naye juu yako.

Kuikaza kwa nati peke yake ndiko kunakoiharibu. Nati haikuumbwa kuvuta pini, huchubua nyuzi zake tu. Weka bomba zito la chuma au kipande cha reli wima chini ya mkono wa pedali ili pigo lisifike kwenye gololi, gonga pini kwa nyundo mpaka mlio ubadilike ukawa mkavu, ndipo ukaze nati. Zungusha kilomita 5, gonga tena, kaza tena. Pini mbili huingia kwa pande zinazopingana. Zikiingizwa upande mmoja, mikono ya pedali haitanyooka. Ziko za milimita 9 na za 9.5, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mkononi. Pini ambayo upande wake bapa una kibonyo haina dawa, badilisha.

Spoku za nyuma hukatika pale zinapopinda kuingia kwenye habu. Sababu si uzito peke yake. Spoku iliyolegea hucheza kila mzunguko mpaka chuma kinachoka. Zipige mbili mbili kwa kucha ukizunguka gurudumu: za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Inayotoa sauti ya kamba ya nguo ikazwe nusu mzunguko wa nepeli, ile nati ndogo inayoishika kwenye ringi, si zaidi, kisha utazame ringi. Ikikatika moja, usiendelee na mtoto juu, kwani jirani zake mbili zimeshabeba uzito wake na zitafuata.

Hewa ya bahari na mchanga hula gololi. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, fungua kote: habu ya nyuma 9 za robo inchi kila upande, ya mbele 10 ndogo za 3/16 kila upande, ekseli ya pedali 11 za robo inchi kila upande. Ikiwa moja ina madoa, badilisha zote za upande huo, maana mpya moja kati ya kuukuu hubeba mzigo peke yake. Grisi iwe safi. Kwenye mnyororo tumia oili mpya ya injini, matone machache, ufute inayobaki. Oili chafu ya gereji, ingawa ya bure, isikaribie baiskeli inayoshikwashikwa na mtoto atakayetia mikono mdomoni. Mafuta ya nazi nayo hapana. Huganda na vumbi yakawa gundi.

Pancha za Tanga ni mbigili, vioo na upepo mdogo. Matundu mawili yaliyokaribiana kama meno ya nyoka si mwiba; ni tairi iliyolegea ikagonga ukingo wa shimo, na ringi ikabana tyubu. Jaza mpaka gumba lishindwe kubonyeza tairi ya nyuma ukiwa umekaa na mzigo. Beba pia kile kimpira chembamba cha valvu, sentimita 10 zinatosha mara tatu, kwani kikipasuka tairi hutoa upepo wote bila pancha yoyote na wengi hutafuta tundu lisilokuwepo. Kiraka kinachobanduka kwa kawaida kiliwekwa gundi ikiwa bado mbichi. Subiri mpaka kidole kisinate.

Kupakia na kupanda

Mzigo kwanza, mtoto mwisho. Kushusha ni kinyume chake, mtoto kwanza. Ajali nyingi za viti vya watoto hutokea baiskeli ikiwa imesimama, na stendi ya Phoenix, pamoja na ukubwa wake, huzama kwenye mchanga mguu mmoja kabla ya mwingine. Usimwache juu ya stendi hata kwa muda wa kulipia nyanya. Anashuka, anashikwa mkono, ndipo mnaongea bei.

Kwa kuwa kiti kimechukua keria, mzigo unakwenda chini. Vikapu viwili vya ukindu ubavuni mwa gurudumu la nyuma, vifungwe nyuma ya vikanyagio vya mtoto na chini, mikono yake isikofika, uzito ugawanywe sawa: sado ya mchele huku, viazi na vitunguu kule. Kapu la mbele la usukani libebe kilo 3 hadi 5 tu, vitu vyepesi, mboga na mkate. Zaidi ya hapo usukani huanguka wenyewe upande unaposimama. Mifuko ya plastiki ya kuning'iniza kwenye usukani ni hatari, inabembea mpaka inaingia spokuni. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, halipandi pamoja na mtoto. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukijumlisha chuma chake, unazidi kilo 12, nao usafiri peke yake. Samaki wa mwaloni Deep Sea wafungwe mifuko miwili, la sivyo maji ya chumvi yatadondokea mnyororo njia nzima.

Kurusha mguu nyuma ulivyozoea sasa ni kumpiga mtoto teke la uso. Inamisha baiskeli kuelekea kwako, pitisha mguu mbele juu ya bomba la juu, simama umetanua miguu, bomba likiwa katikati, nyanyua pedali ya kulia iwe mbele na juu kidogo, kisha ondoka. Kwa mfupi, au kwa aliyevaa dera, hilo ni gumu kweli, na hapa ndipo fremu ya kike yenye bomba lililoshuka inaposhinda kabisa. Phoenix za kike zipo, ni chache, na muuzaji anajua hivyo.

Kofia ngumu ya mtoto ipimwe kwa uzi: kichwa cha mwaka mmoja hadi minne kwa kawaida ni sentimita 46 hadi 52. Ya mtumba igeuzwe ndani, povu likiwa na ufa ni mapambo tu. Iwe tambarare nyuma, la sivyo mgongo wa kiti utaisukuma ikafunika macho. Aliye chini ya mwaka mmoja, au asiyeweza kukaa wima mwenyewe akiwa na kofia hiyo, abaki nyumbani. Mbeleko mgongoni si njia ya kuzunguka kanuni hiyo, maana mzazi akianguka chali anamwangukia yeye.

Zinazoshindana nayo

Avon na Hero za India za muundo huu huu ni ndugu zake. Vipuri vingi vinaingiliana, na maneno yote ya juu yanazihusu. Baiskeli za Kijapani za mtumba, zile za fremu ya chini na kapu mbele, ni mpinzani wa kweli. Breki yao ya nyuma iko kwenye habu, haijali ringi iliyolowa. Stendi yao ni pana na ina kitasa, tairi ni 26 x 1⅜, na mzazi hupanda bila kunyanyua mguu. Kwa mtoto peke yake, tungechukua hiyo. Kwa mtoto pamoja na debe la mahindi la kupeleka mashineni kila wiki, tunarudi kwenye Phoenix, kwa sababu keria nyepesi ya Kijapani hupinda, na yenye gia tatu ndani ya habu ikiharibika si kila fundi atakubali kuifungua. Baiskeli za milimani zina breki nzuri, lakini keria inayoshikwa na bomba la kiti peke yake isibebe mtoto hata siku moja, na yenye springi nyuma haina hata pa kufungia.

Ukienda kununua Phoenix kuukuu, anza na uma wa mbele. Futa vumbi chini ya taji lake, pale miguu yake miwili inapoungana, utafute mstari wa kutu mwembamba kama unywele, ukiuona, ondoka. Geuza baiskeli, gonga bomba la chini karibu na ekseli ya pedali kwa sarafu, na sauti ikibadilika ghafla kuwa butu, kutu imekula kwa ndani. Shika mkono wa pedali uutikise kulia na kushoto. Tazama kwa nyuma kama magurudumu mawili yako mstari mmoja. Namba ya fremu imepigwa muhuri kwenye chuma; isiwe imesuguliwa, na iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la anayeuza. Kisha weka kando fedha za raba za breki, kotapini mbili, yubolti nne na friwili kabla hujataja bei yako ya kwanza.